Komiki yako iko mtandaoni ila mtaani Mtwara na Lindi hamna anayeisoma? Tafuta ilipokatikia

Hii ni kwa nyie mnaochora komiki mnaziweka mtandaoni afu mnaishi huku kusini, Mtwara mjini, Mikindani, Lindi, Masasi, Nachingwea, popote, na mmeamua kutafuta wasomaji kwa miguu. Mmeprinti vipeperushi, mmebandika stika, mmeongea mpaka koo limekauka na bado namba ya wasomaji imegoma. Kabla hujaprinti tena soma hapa, maana wengi wakiona hali hii wanaongeza karatasi, na mara nyingi tatizo wala haliko kwenye idadi ya karatasi.

Mtu wa barabarani mpaka awe msomaji wako lazima aone, aelewe ni kitu gani, afungue, afu arudi siku nyingine. Kuna sehemu moja hapo katikati inakukatikia na we huijui. Kuijua ni rahisi ila inataka moyo: mpe karatasi yako mtu ambaye hakujui vizuri, dereva wa boda anayesubiri abiria anafaa sana, mwambie "kaka naomba ujaribu kuifungua hii" afu UNYAMAZE. Usimwelekeze, usiseme "bonyeza hapo", kaa kimya hata kama roho inakuuma. Akikuuliza "njomba, hii inahusu nini?" tatizo lako ni kueleweka. Akitoa simu akaanza kuhangaika tatizo ni mlango, yaani linki au ile alama ya kuskani. Akifungua akaangalia sekunde kadhaa akarudisha simu mfukoni, basi tatizo liko ndani ya saiti yenyewe na vipeperushi huna haja ya kuvigusa. Rudia kwa watu wachache tofauti, kijana, mama, mtu mzima, ukimaliza hapo ndo uje kwenye dalili za chini utafute yako.

"Wanachukua, wanasema poa sana, hamna anayefungua"

Hii ndo dalili ya wengi na ina sababu zaidi ya moja kwa hiyo vumilia.

Sababu ya kwanza, umempa tangazo. Karatasi ina jina la komiki kubwa, picha ya mhusika amekunja mikono, "soma sasa mtandaoni", linki. Mtu analisoma anavyosoma tangazo la mganga kwenye nguzo, yaani halisomi. Hana sababu ya kutumia bando lake kwa kitu ambacho hajaonja. Dawa ni kumpa stori yenyewe kwenye karatasi, stori fupi iliyokamilika yenye mwanzo na kichekesho au mshtuko wake, linki ije mwishoni kabisa pale anapotaka kujua kinachofuata. Karatasi moja ya A4 iliyoprintiwa upande mmoja, ukiikunja ikatoa vyumba 8 sawa, ukaichana mstari wa katikati kwa mkasi bila kufika kingo na kuikunja tena inakuwa kijitabu cha kurasa 8 za saizi ya A7, kinaingia mfuko wa shati. Haitaki pini wala gundi. Fotokopi nyeusi ya kitu kama hicho bei yake iko chini mno ukilinganisha na printi ya rangi, na kijitabu mtu hakitupi haraka, anakiweka, nyumbani watoto wanakiokota, anasoma shemeji yake.

Sababu ya pili ni linki yenyewe. Ukiandika anwani ndefu yenye mistari ya kuunganisha na namba namba nani ataitaipu? Simama mbele ya mtu umtajie kwa mdomo, kama huwezi kuitaja akaiandika bila kukuuliza mara mbili basi ni mbovu. Jina la komiki likiwa la Kiingereza chenye herufi zisizosikika ndo kabisa. Watu wengi huku hata hawataipu anwani, wanatafuta Google au wanaingia WhatsApp moja kwa moja, kwa hiyo hakikisha ukitafuta jina la komiki yako pamoja na neno "komiki" linatokea, na kama halitokei kwa sababu umeiita jina ambalo maduka na nyimbo kibao zinalo, mpe mtu jina refu kidogo la kutafuta ambalo ni la kwako peke yako.

Sababu ya tatu hana bando, na hapa usijidanganye kwamba anakudharau. Mwezi wa pili, wa tatu, hela ya korosho imeshaisha kitambo, mvua inanyesha, shamba linataka palizi, mtu ananunua kifurushi cha siku na kina kazi zake. Minada ya korosho inaanza Oktoba na wakulima wakishalipwa utaona kabisa mji unabadilika, simu mpya, bando la wiki, vijana wanakaa na simu mpaka usiku. Mi ningekuwa na hela ya kuprinti mara moja tu kwa mwaka ningeiweka Novemba. Miezi mingine tumia njia isiyotaka intaneti, nayo ninakuja nayo sasa hivi.

Sababu ya nne ana kitochi. Ndo hivyo, hakifungui saiti yako. Lakini vitochi vingi vinaingiza memori kadi na vinafungua picha za kawaida za JPEG, na kila mji una vijana wenye kompyuta wanaoingiza nyimbo na muvi kwenye memori kadi. Hao ni dhahabu na sioni wachoraji wanaowatumia! Nenda kwa kijana mmoja, ongea naye vizuri, mwekee folda yenye sehemu tatu za mwanzo, mwombe kila anayekuja kuingiza nyimbo amuongezee na hiyo bure. Andaa folda mbili. Moja ya simu kubwa, picha upana wa pikseli 800 hivi. Nyingine ya vitochi, na hapo usiweke ukurasa mzima maana skrini nyingi za vitochi ni pikseli 240 kwa 320, maneno hayatasomeka, kata fremu moja moja, kila fremu picha yake, zipe majina 001, 002, 003 ili zikae kwa mpangilio la sivyo stori itaanzia mwisho. Fremu ya mwisho kabisa weka jina la komiki na namba ya WhatsApp. Mwenye kitochi hatakuja kwenye saiti leo, sawa, ila akipata simu kubwa msimu wa korosho jina lako analo tayari.

"Kodi ya QR haisomi"

Watu wanaiita ile alama ya kuskani, ukisema QR wengine watakutolea macho, sema "skani hapa" inatosha. Anza kwa kuuliza haisomi kwa nani. Kama haisomi kwa watu wengine tu na kwa wengine inasoma, tatizo ni simu. Kuna simu za Android za bei ya chini ambazo kamera yake haiskani yenyewe, mpaka uingie Google Lens au programu nyingine, na mtu hawezi kudownload programu kwa ajili yako. iPhone zimeanza kuskani kwa kamera ya kawaida tangu iOS 11 ya mwaka 2017 lakini huku kwetu iPhone ni ngapi? Ndo maana kila penye kodi lazima kuwe na njia ya pili imeandikwa kwa herufi, jina fupi la kutafuta au namba. Anayeweka kodi peke yake bila maneno amewafungia mlango nusu ya watu.

Kama haisomi kwa yeyote, pima ukubwa. Hesabu ya kukumbuka ni kwamba upana wa kodi mara 10 ndo umbali inaosomeka. Kodi ya sentimita 2 inasomeka kwenye karatasi iliyo mkononi, sentimita 20 hivi. Bango la ukutani mtu amesimama mita 2 linataka kodi ya sentimita 20. Nshaona bango zuri tu limebandikwa juu ya mlango wa duka, kodi saizi ya kifungo cha shati, sa mtu apande ngazi?

Afu angalia urefu wa linki. Linki ndefu inafanya vile vimraba viwe vingi na vidogo, printa ya kawaida inavichanganya, fotokopi ndo inavimaliza. Fupisha linki kwanza ndo utengeneze kodi. Acha nafasi nyeupe pembeni mwake pande zote, upana wa vimraba vinne, usiisogeze mpaka ikagusana na mchoro. Usigeuze rangi ukaweka vimraba vyeupe kwenye nyeusi, simu nyingine zinakataa. Na ukitaka kuweka kichwa cha mhusika wako katikati ya kodi (najua unataka, wachoraji wote wanataka) chagua kiwango cha usahihishaji H, hicho kinavumilia kodi kuharibika mpaka kama asilimia 30, kiwango cha L ni asilimia 7 tu, ukiweka kichwa hapo umeiua. Mimi lakini nasema kichwa kiweke pembeni, H inaongeza vimraba na karatasi yako itafotokopiwa, itakunjwa, itashikwa na mikono yenye mafuta ya samaki.

Kuna hii nyingine inawauma watu: kodi ilikuwa inasoma vizuri kabisa, baada ya muda ukiskani inakupeleka kwenye ukurasa wa kulipia. Sababu ni kwamba uliitengeneza kwenye saiti inayopitisha linki yako kwao kwanza, majaribio ya bure yakaisha, wakafunga. Karatasi zote ulizogawa zimekufa hapo na huwezi kuzifufua bila kuwalipa. Dawa ni kutengeneza kodi ambayo imebeba linki yako yenyewe ndani, hiyo haina mwisho, haina mtu wa kuizima. Utaijuaje? Iskani na uangalie anwani inayotokea kabla hujafungua. Ukiona jina la saiti iliyokutengenezea kodi badala ya linki uliyoiweka wewe, achana nayo.

"Wanafungua, hawamalizi hata ukurasa mmoja"

Hapa kipeperushi kimefanya kazi yake, acha kukilaumu.

Kwanza linki inaingilia wapi. Wengi wanampeleka mtu ukurasa wa mbele ambako anakutana na sehemu ya 47, wahusika hawajui, anaona watu wanagombana anatoka. Linki ya mtaani ielekee sehemu ya kwanza moja kwa moja, au stori inayoendelea pale kijitabu kilipoishia.

Pili uzito. Umeweka kurasa za PNG zenye MB 3 kila moja, sehemu ina kurasa 20, hiyo ni MB 60 ya mtu kwa stori ya dakika tano na yuko Kitangari mtandao unapanda na kushuka. Badilisha ziwe JPEG au WebP upana pikseli 800, ubora wa 75 au 80, ukurasa mmoja utashuka mpaka KB 200 au 300 na kwa macho ya simu hamna atakayeona tofauti. Faili lako kubwa baki nalo nyumbani kwa ajili ya kuprinti.

Tatu, ulimkuta mtu kwenye WhatsApp ukamtoa WhatsApp. Kwa wengi huku intaneti ndo WhatsApp, basi. Kwa hiyo weka mlango huko huko, linki ya wa.me/255 ikifuatiwa na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo inafungua chati yako moja kwa moja, akikutumia "mambo" unamrushia sehemu ya kwanza. Tumia laini nyingine sio yako ya nyumbani, utanishukuru. Na kama unategemea stetasi, kumbuka mtu haoni stetasi yako mpaka wote wawili muwe mmeseviana namba, ndo maana unaposti unaona watazamaji wale wale kila siku. Kila anayekuandikia msevu siku hiyo hiyo, mwambie na yeye akusevu kwa jina la komiki.

"Printi zimetoka mbaya"

Rangi zimefifia: skrini inatengeneza rangi kwa mwanga na printa inatumia wino, ile bluu ya kung'aa na kijani cha pera bichi havitoki kwenye karatasi hata ufanyeje. Printi moja ya majaribio, rekebisha, ndo uprinti mzigo.

Picha ina ukungu: umechukua faili la mtandaoni la pikseli 800 ukalitanua A4, hapo unapata pikseli kama 97 tu kwa inchi wakati printi nzuri inataka 300. Faili hilo hilo kwenye A7 linapata karibu 275, linatoka safi. Unaona sasa kwa nini nakazania kijitabu kidogo.

Fotokopi imekuwa giza tupu: komiki ya rangi ikipigwa fotokopi, nyekundu na kijani vinakuwa kijivu kimoja, ngozi ya mhusika na ukuta wa nyuma haviachani. Kwa ajili ya mtaani tengeneza toleo la mistari tu, nyeusi na nyeupe, weka vivuli kwa mistari mistari. Maneno ya kwenye viputo yaongeze, yasiwe chini ya pointi 7 au 8 kwenye karatasi yenyewe.

Wino umetiririka: printa ya wino wa maji na unyevu wa pwani haviivani, masika yetu ni moja ndefu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, karatasi ya ukutani haifiki Ijumaa. Omba iprintiwe kwa printa ya tona, fotokopi nazo ni tona, au piga laminesheni zile za kubandika. Zinazopigwa na jua zitapauka vyovyote vile, zihesabu kama vitu vya kubadilisha.

"Nikianza kueleza watu wanapotea"

Unaanza na "ni kama ulimwengu sambamba ambao..." hapana. Sentensi moja, pumzi moja, iwe na mtu, shida yake na mahali wanapopajua. Mfano, kila mtoto wa Lindi amesikia mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye Wajerumani walichimba mifupa yake kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo amesimama makumbusho ya Berlin. Sasa sema hivi: "Mjusi wa Tendaguru ameamka kule Berlin, anatafuta nauli ya kurudi Lindi." Nani hataki kujua anaipata wapi? Ikiwa komiki yako haiwezi kubanwa hivyo usiieleze nzima, eleza tukio moja.

Na kuna suala la adabu, hili vijana wa mtandaoni linawashinda. Huwezi kutokea kijiweni wazee wanacheza bao ukaanza kugawa karatasi kama wakala wa laini za simu. Shikamoo kwanza, kaa, agiza kahawa, subiri mchezo uishe. Watakuuliza wenyewe umeshika nini. Na usiseme "webi" sijui nini, sema nachora katuni. Wazee hawa katuni wanazijua kuliko we unavyodhani, walikuwa wanamsoma Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya 60 mwishoni, atakayekuambia katuni ni za watoto mara nyingi ni kijana mwenzio. Mzee mmoja akicheka kwa sauti kijitabu kinazunguka kijiwe kizima, kila mtu anataka kujua mzee kacheka nini, na kesho yake mwalimu wa msikitini au mwenyekiti wa mtaa anakisoma. Hesabu hiyo ya watu hutaiona kwenye saiti yako ila jina lako linatajwa.

"Nimegawa sehemu yenye watu wengi na hamna kitu"

Watu wengi sio wasomaji wengi. Stendi ya Mkanaledi alfajiri imejaa, ndio, ila kila mtu anatafuta basi lake, ana begi, ana mtoto, ana mpiga debe anamvuta mkono, karatasi yako itaishia chini. Tafuta watu WALIOKAA na hawana pa kwenda.

Saluni za kina dada ndo namba moja kwangu, bila ubishi. Mtu anayesukwa amekaa masaa, kichwa hakigeuki, mikono iko huru na simu imo mkononi. Ongea na mwenye saluni, muite dada au mama kulingana na umri wake, usimpe rundo la karatasi zimchafulie, mpe vijitabu vichache vimefungwa uzi vining'inie karibu na kioo. Na uwe na stori inayowahusu, ya mawifi, ya vikoba, ya mume anayejificha kwenye mpira. Komiki ya mapanga tu weka kwa kinyozi.

Kivuko cha kwenda Msangamkuu watu wanasubiri na hawana la kufanya zaidi ya kuangalia maji. Kosta za Lindi na Mtwara ni safari ya zaidi ya kilomita 100, kijitabu kimoja kikipewa mtu wa siti ya mbele kabla hamjatoka, kinafika siti ya nyuma kabla ya Mnazi Mmoja. Ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, siku ya kupima korosho, foleni ya toka asubuhi, wakulima wamekaa juu ya magunia yao, hapo andaa kitu kinachogusa mizani na makato utaona wanavyogombania. Ila muombe kiongozi wa chama kwanza, na usichore sura inayofanana na yake.

Ndani ya bajaji nyuma ya dereva nako pazuri, abiria anatazama hapo safari nzima iwe anataka au hataki. Stika yenye kichekesho cha fremu mbili, kodi sentimita 5 au 6 kwa umbali huo. Barabara yenye mashimo haskani mtu, ila anasoma jina. Mlipe dereva kwa kumchora, sura yake na bajaji yake, hataruhusu mtu aibandue.

Kibanda umiza nusu saa kabla ya mechi kinafaa, baada ya mechi usithubutu, timu iliyofungwa itakutupia hizo karatasi.

Shule, kwa kifupi: wanafunzi watakupenda lakini simu shuleni ni marufuku kwa hiyo linki haina maana hapo, karatasi tu, na kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Matokeo utayaona likizo ya Juni na Desemba wakishika simu za dada zao.

"Aliniruhusu kubandika, nimerudi nimekuta kabandua"

Usimuulize kwa hasira. Mara nyingi ni picha. Ulichoprinti kinaangaliwa na mteja wake aliyekuja na mkwe wake, sasa mhusika wako kavaa nusu uchi au kiputo kina tusi, mtandaoni inapita, ukutani kwa mama ntilie haipiti. Ramadhani ndo uwe makini zaidi. Utani wa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua upo na watu wanaupenda, ila utani una wenyewe, mchore mtani wako usichore wa mwenzio. Na mambo ya jando na unyago, yale ya ndani, usiyachore kwenye karatasi ya kugawa hata kama unayajua. Sherehe yake, ngoma, pilau, wageni wanaogombania viti, hayo chora mpaka kesho kutwa. Ya ndani yakitoka kwenye kijitabu chako kina mama wataacha kukusalimia, na hao ndo waliokuwa wanakupa ukuta wa saluni.

Sababu nyingine ni ndogo tu, gundi imemharibia rangi. Tumia selotepu au uzi.

"Katuni yangu iko kwenye stetasi za watu wote ila hamna anayejua ni ya kwangu"

Hongera, watu wanaipenda. Sahihi yako uliiweka pembeni chini, mtu akapiga picha kijitabu au akaskrinishoti akakata ukingo, ukaenda nao. Hakimiliki ni yako tangu ulipochora, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, lakini utamshitaki shangazi wa nani kwa stetasi ya masaa 24? Ingiza jina ndani ya mchoro mahali ambapo haliwezi kukatwa bila kuharibu kichekesho: kwenye fulana ya mhusika, kwenye kibao cha duka nyuma yake, kwenye matairi ya bajaji, kwenye maandishi ya kanga aliyovaa bibi. Kanga ndo pazuri kuliko pote, kila mtu anasoma maandishi ya kanga.

"Sijui ipi inafanya kazi"

Kwa sababu umeweka linki moja kila mahali. Tengeneza linki fupi tofauti, ya saluni, ya kosta, ya bajaji, ya kwenye memori kadi, zote zinaenda sehemu ile ile ya kwanza ila kila moja inahesabu peke yake. Kwa upande wa WhatsApp tumia neno, kijitabu cha saluni kiandikwe "tuma neno KIOO", cha kivukoni "tuma neno MAJI", utajua katokea wapi kabla hata hajajitambulisha. Usihukumu wiki ya kwanza, vijitabu vinatembea taratibu, vingine vinaenda Newala na kurudi. Subiri mwezi, angalia, na kama ya saluni inafunguliwa na ya stendi imelala, kusanya zilizobaki stendi upeleke kwa kina dada, ila zikunje upya kwanza maana za stendi zitakuwa zimeshakanyagwa.